Je, virusi "vilivyochanganywa na plastiki" vinaweza kumponya mwanangu selimundu?

"Habari za kazi, daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na ana selimundu. Anatumia haidroksiyurea tangu akiwa na miaka 5, ila mwaka huu amelazwa mara mbili kwa maumivu. Mjomba wake ametutumia video inayosema kwamba huko Marekani wanachukua virusi vya Ukimwi, wanavichanganya na plastiki fulani ili viingie vizuri mwilini, na mtoto anapona kabisa. Nimeogopa na nimetamani kwa wakati mmoja. Je, hataambukizwa? Hiyo plastiki si itabaki kwenye damu yake maisha yote? Kwa nini wasimpige sindano moja tu yakaisha? Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anasema anaijua kliniki ya nje inayofanya kwa dola 15,000, tutangulize nusu, na kwamba mtoto aachishwe dawa miezi miwili kabla ili damu isafike. Baba yake ameshaanza kuulizia bei ya kiwanja chetu. Naomba unieleze kwa lugha ninayoielewa."

Mama, pole kwa kuuguza. Nianze na mawili yasiyoweza kusubiri. Msiuze kiwanja wala msitume hata senti moja. Na haidroksiyurea isiachwe kwa maneno ya kwenye simu, hata kwa wiki moja. Sababu za yote mawili nitazieleza, lakini nisingependa usome mpaka mwisho ndipo uzikute.

Video hiyo haikutunga kila kitu. Virusi vipo, polima (ndizo video inaziita plastiki) zipo, na wapo watu waliotibiwa hivyo ambao maumivu makali yamewaachia. Ilichofanya ni kuzikusanya hatua nyingi na kuzifanya moja, na katika kukusanya huko ikaacha yale ambayo mzazi anapaswa kuyajua kwanza.

Ndani ya seli nyekundu za mwanao kuna himoglobini S. Ikishaachia oksijeni, molekuli zake hunasana moja na nyingine zikawa nyuzi ndefu na ngumu, na nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli mpaka ikaziba mishipa midogo. Ukitazama kwa jicho la mkemia, selimundu wenyewe ni ugonjwa wa polima, yaani vipande vidogo vinavyoungana kuwa mnyororo mrefu. Wanga ulio kwenye ugali ni polima, na DNA iliyobeba jeni zetu ni polima. Kwa hiyo usilisikie neno hilo ukaona mfuko wa rambo. Zipo polima zenye sumu na zipo zinazotumika ndani ya dawa kila siku, na cha kuuliza ni ipi, kiasi gani, na imeingia wapi.

Tiba ambayo nadhani video inaizungumzia inaitwa Lyfgenia. Iliidhinishwa Marekani tarehe 8 Desemba 2023. Inapeleka kwenye seli za mgonjwa jeni ya beta-globini, sehemu mojawapo ya himoglobini, iliyobadilishwa mahali pamoja, nafasi ya 87, ili himoglobini mpya ikijichanganya na himoglobini S izizuie zile nyuzi kurefuka. Mgonjwa hapigwi sindano ya virusi. Hupewa dawa iitwayo plerixafor inayozitoa seli shina, yaani seli mama zinazozalisha damu, kwenye uloto ulio ndani ya mifupa na kuzileta kwenye damu, mashine inazichuja, zinapelekwa kiwandani, na huko ndiko zinakokutana na kirusi na polima. Kisha huoshwa, hupimwa, hugandishwa, na kurudishwa hospitalini. Wakati huo mgonjwa anapewa busulfani, dawa kali inayouondoa uloto wa zamani ili seli zilizorekebishwa zipate nafasi. Halafu ndipo anarudishiwa seli zake mwenyewe kwa dripu.

Sasa hofu yako ya kwanza, ya VVU. Mwanzo wake ni kweli: kirusi kinachobeba jeni hiyo, yaani kibebeo kiitwacho lentivirusi, kimetokana na VVU. Mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walionyesha kwamba mashine ya kirusi hicho inaweza kuingiza jeni hata kwenye seli zisizogawanyika, jambo ambalo vibebeo vya kabla yake vilishindwa. Lakini kinachotumika leo kimenyofolewa jeni za ugonjwa. Maelekezo ya kukijenga yamegawanywa kwenye vipande tofauti vya DNA ambavyo hubaki katika seli za kiwandani, na chembe inayotoka imebeba jeni ya tiba pamoja na vipande vichache tu vya vinasaba vya VVU visivyoweza kuleta ugonjwa. Ikishaingia kwenye seli, haina namna ya kuzaa nyingine. Hata ganda la nje si la VVU. Ni la kirusi kinachosumbua farasi na ng'ombe, kiitwacho VSV, kwa sababu ganda hilo ni imara na linaingia kwenye seli za aina nyingi. Hataambukizwa, wala hataambukiza mtu.

Kuna jambo moja dogo ambalo video nyingi hulisahau. Kwa kuwa mabaki ya vinasaba vya asili ya VVU yanabaki kwenye seli zilizotibiwa, baadhi ya vipimo vya VVU vya aina ya PCR, vinavyotafuta vinasaba vya kirusi, vinaweza kutoa jibu chanya la uongo. Aliyetibiwa hivi anatakiwa kuwaeleza wahudumu wa afya kila anapopimwa, na hachangii damu.

Tuje kwenye polima, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina uzito kuliko unavyodhani. Tatizo kubwa la tiba ya jeni kwa muda mrefu halikuwa kupata jeni sahihi. Lilikuwa kuifikisha kwenye seli za kutosha. Seli shina halisi za damu ni chache mno kati ya zote zinazokusanywa, na nyingi zimelala. Ganda la VSV huingia kwa kushika kipokezi fulani kwenye utando wa seli, kilekile kinachopokea kolesteroli, na seli shina iliyolala ina vipokezi vichache vya aina hiyo. Ongeza na hili: utando wa seli una chaji hasi ya umeme, na kirusi nacho kina chaji hasi. Vikikaribiana vinasukumana. Tena kirusi chenyewe kina upana wa kama nanomita 100, hakiogelei, kinaelea tu kwenye maji ya chombo, na kwenye joto la nyuzi 37 kinapoteza nguvu kadiri saa zinavyopita. Virusi vingi sana hufa bila kugusa seli yoyote.

Polima yenye chaji chanya huingia katikati ya huo msukumano. Inajishika kwenye kirusi na kwenye seli, inapunguza ile chaji hasi, na vitu viwili vilivyokuwa vikikimbiana vinaweza kugusana. Nyingine huvikusanya virusi vikawa vifungu, na kifungu kizito huzama haraka hadi chini ziliko seli. Maabara nyingi hutumia Polybrene, ambayo ni rahisi na inafanya kazi. Ila seli shina hazistahimili Polybrene vizuri, huchoka na kukua kwa shida, na si dawa ya binadamu. Kwa hiyo kwa mgonjwa watu huelekea kwenye protamini salfeti. Hiyo ni protini fupi yenye chaji chanya iliyogunduliwa kwenye manii ya samaki, na madaktari wa moyo wameitumia kwa miongo mingi kukata nguvu ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya upasuaji. Sumu yake na mzio wake vinafahamika, na hiyo ni faida kubwa unapoomba kibali.

Kundi la pili halitumii chaji kabisa. Poloksama ni mnyororo ambao ncha zake mbili hupenda maji na sehemu yake ya katikati hupenda mafuta. Sehemu hiyo ya katikati hukaa na mafuta ya utando wa seli na kuufanya upokee kirusi kwa urahisi zaidi. Poloksama F108 ndiyo iliyochunguzwa sana kwa seli shina za damu, na ikitumiwa pamoja na protamini, kiasi kilekile cha virusi huacha nakala nyingi zaidi za jeni kwenye seli. Kirusi cha ubora wa dawa ni mojawapo ya vitu ghali kupita vyote katika tiba hii, kwa hiyo chochote kinachokifanya kitumike kidogo kinagusa bei, na bei ndiyo ukuta uliosimama kati ya tiba hii na mtoto wa Kitanzania. Mimi nazitazama polima kwa jicho hilo zaidi ya lingine lolote.

Polima huhitajika hata kabla ya hapo. Ili seli za kiwandani zitengeneze kirusi, lazima zimezeshwe vile vipande vya DNA, na mara nyingi kinachovisukuma ndani ni polima nyingine, polietilinimini.

Je, "plastiki" itabaki kwenye damu yake maisha yote? Hapana. Polima inafanya kazi kwa saa chache ndani ya chombo, kisha seli zinaoshwa. Kinachoweza kusalia ni chembe ndogo mno ambazo watengenezaji wanawajibika kuzipima. Tena polima haiingii kwenye jeni. Kinachobaki maisha yote ni jeni iliyowekwa, na hicho ndicho kinachostahili maswali yako.

Watu wengi hudhani kwamba nakala zikiongezeka ndivyo bora. Ingekuwa hivyo, tungemwaga polima na virusi bila kipimo. Lakini kila nakala hujichomeka mahali fulani kwenye DNA ya seli, na mahali pengine ni karibu na jeni zinazoongoza ukuaji. Kadiri nakala zinavyozidi ndani ya seli moja, ndivyo nafasi ya kugusa pabaya inavyoongezeka. Kwa kawaida hutakiwa wastani usizidi nakala 5 kwa seli. Kazi nzuri ya polima ni kuzifikia seli nyingi zaidi, kila moja ipate nakala chache, na si kuzijaza chache pomoni. Kulipata hilo ni kazi ya vipimo vingi, na hapo ndipo kiwanda chenye viwango hutofautiana na chumba cha nyuma cha kliniki.

Nikiwa hapo kwenye poloksama, kuna ndugu yake, poloksama 188, aliyewahi kujaribiwa kama dawa ya maumivu yenyewe ya selimundu. Wagonjwa 388 walishiriki katika nchi 12. Haikufupisha maumivu kuliko dawa ya kulinganishia isiyo na kiambato chochote. Nakuambia hivi kwa sababu ukitafuta mtandaoni utakuta watu wanaiuza kwa kuegemea makaratasi ya zamani.

Swali lako la sindano moja ni zuri mno, na wanasayansi wanalihangaikia. Ugumu ni kwamba kirusi kikiingia moja kwa moja kwenye damu hukutana na kingamwili, na ini hukizoa kabla hakijaufikia uloto. Mwili ukikichukia sana, mtu anaweza kufa. Kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki tarehe 17 Septemba 1999 huko Pennsylvania, siku nne baada ya kupewa adenovirusi, kirusi cha aina nyingine, yenye jeni ya kutibu ugonjwa wa ini. Kinga yake iliwaka mwili mzima. Wazo la kukifunika kirusi kwa polima lina uzito hapa kwa namna nyingine kabisa: polietilini glaikoli, tunayoiita PEG, au polima ya HPMA, hulizunguka ganda ili kingamwili zisilione. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza waliifunika adenovirusi kwa HPMA, na kweli ikakwepa kingamwili. Lakini hapo kirusi huwa kama mtu aliyejitanda gubigubi ili adui asimtambue, na akifika nyumbani hata wa kwake hawamfungulii mlango. Kirusi kilichofunikwa hakiwezi kushika kipokezi chake, kwa hiyo walilazimika kukibandikia molekuli nyingine ya kukiongoza kwenye seli wanazozitaka. Na PEG ina shida yake, kwamba watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake, kwa sababu imo kwenye vipodozi na dawa nyingi.

Kwa hiyo sindano moja ya selimundu bado iko kwenye utafiti. Oktoba 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wakfu wa Gates walitangaza kutoa dola milioni 100 kila mmoja kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutumika katika nchi kama zetu. Mimi naamini hiyo ndiyo njia itakayotufaa. Yeyote anayekuambia tayari anaiuza leo anakudanganya.

Sasa tupime tiba iliyopo kwa haki. Matokeo yake yananipa furaha kila ninapoyasoma. Wagonjwa wa kwanza kabisa walipata himoglobini mpya kidogo. Ukusanyaji wa seli na utiaji wa kirusi ulipoboreshwa, wagonjwa 35 wa kundi lililofuata walipanda kutoka himoglobini 8.5 hadi 11, na wale 25 ambao maumivu yao makali yangeweza kupimwa, wote yaliwaacha. Upande wa pili ni huu. Busulfani huchubua mdomo, hunyonyoa nywele, huacha mwili wiki kadhaa bila kinga, na inaweza kumnyima mtu uwezo wa kuzaa. Kijana mkubwa anaweza kuhifadhi mbegu kabla, lakini mtoto wa miaka 9 hawezi. Wagonjwa wawili wa toleo la awali walipata saratani ya damu, ndiyo maana dawa ina onyo kali na waliotibiwa hupimwa damu angalau kila miezi 6 kwa miaka 15 au zaidi. Iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.1, zaidi ya shilingi bilioni 7. Casgevy, iliyoidhinishwa siku hiyohiyo, haitumii kirusi bali mkasi wa jeni, na bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2.

Weka dola 15,000 kando ya tarakimu hizo na utaona kwa nini nimesema usitume. Hakuna aliyepata njia ya siri ya kuishusha mara mia mbili. Na kama ni utafiti, basi utafiti halali haumtozi mgonjwa pesa ya dawa inayojaribiwa, umesajiliwa hadharani, na hapa nchini ungekuwa na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwombe huyo mtu namba ya usajili tu, uone atakavyojibu.

Hilo la kuachishwa dawa miezi miwili amelichota mahali pa kweli, na ndiyo maana linasikika kitaalamu. Kabla ya kukusanya seli, madaktari kweli husimamisha haidroksiyurea kwa kiasi hicho cha muda. Lakini wakati huo mgonjwa hutiwa damu kwa ratiba mpaka himoglobini S ishuke chini ya asilimia 30, na yuko mikononi mwao. Kuiacha nyumbani bila damu hiyo ni kumfungulia mtoto maumivu, na pengine kiharusi.

Kuhusu mwanao mwenyewe, nina wasiwasi na jambo moja kabla ya yote. Alianza dawa akiwa na miaka 5, leo ana 9. Je, dozi imekua naye? Haidroksiyurea hutolewa kwa uzito, na mara nyingi nakuta mtoto bado anameza kiasi cha zamani. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa 2020 ulionyesha kwamba watoto walioongezewa dozi hatua kwa hatua, huku damu yao ikipimwa, walipata nafuu kubwa kuliko walioachwa kwenye dozi ileile. Kabla yake, utafiti wa REACH uliohusisha watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale ulikuta maumivu yakishuka kutoka matukio 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikapungua. Kwa hiyo kliniki ijayo nenda na kopo la dawa, mpimeni uzito, na umuombe daktari akuhesabie dozi mbele yako na kuangalia picha kamili ya damu. Uliza pia kipimo cha Doppler cha mishipa ya kichwa. Kwa umri wake kinafaa kila mwaka, kwa sababu kinaonyesha hatari ya kiharusi kabla haijatokea.

Kama ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana naye uloto, na ndugu mwenye AS, yaani aliyebeba jeni moja tu ya selimundu bila kuugua, anaweza kuchangia. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshafanya upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Nayo ina busulfani au dawa za jamii yake na ina hatari zake, hivyo si ya kukimbilia, lakini ni mazungumzo ya kweli mnayoweza kuyafanya bila kuuza kitu. Omba rufaa ya ushauri tu, uwasikilize.

Na yapo ambayo hayangoji kliniki wala majibu yangu. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida au kifua kumbana, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama, weupe wa ghafla na tumbo kujaa upande wa kushoto iliko bandama: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kwa kuwa ni mvulana, baba yake azungumze naye pia kuhusu uume kusimama wenyewe kwa maumivu. Watoto wengi huona aibu, hukaa kimya mpaka asubuhi, na hali hiyo ikidumu zaidi ya muda wa saa nne tangu ianze, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Ajue mapema kwamba hilo nalo ni ugonjwa uleule, na kwamba aseme mara linapoanza.